Mwalimu Ashindwaye Avumiliwe Mpaka Lini?

Mwinjilisti mmoja wa upande wa Tabora ametuletea swali, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wote, maana twajua si yeye peke yake aliye nalo. Asema kwamba katika usharika wake wako vijana wawili, marafiki tangu utoto, waliochunga ng'ombe pamoja na kupata kipaimara siku moja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 walikosana kwa ajili ya mwalimu wa timu ya mpira, hata Jumapili mbili wakaketi mabenchi ya mbali, wala hawakupeana mikono walipotoka. Wa kwanza alisema ya kwamba viongozi wanaomshikilia mwalimu asiyefaa huwadhulumu watu wanaoipenda timu. Wa pili alisema ya kwamba mtu mwema huvumilia, na kumwondoa mtu katika kazi yake kwa sababu ya kelele za uwanjani ni ukatili. Kila mmoja alikwenda kwa mwinjilisti kwa siri ili aambiwe kwamba haki ni yake. Naye mwinjilisti anatuuliza: Ni yupi aliyesema kweli?

Labda wako watakaouliza kwa nini gazeti letu lishughulike na mambo ya mpira. Sisi twajibu hivi: jambo linaloweza kuwatenga marafiki wawili si jambo dogo. Tena mpira ni kama kioo. Mtu asiyeweza kusema neno juu ya mwenyekiti wa chama chake cha tumbaku, au juu ya mwalimu wa kwaya yake, au juu ya baba yake mkubwa, husema bila hofu juu ya mwalimu wa timu. Basi, tukimsikiliza vema pale uwanjani, twaweza kujua anavyofikiri juu ya kila mtu aliyewekwa mbele ya wengine kuwaongoza. Na swali la vijana wale wawili ni swali la kale sana: Aliyewekwa mbele asipotufikisha, tumvumilie mpaka lini?

Kwanza tuyaeleze mambo yenyewe, maana hukumu isiyojua habari ni kelele tu.

Timu waliyokosana kwayo ni Yanga ya Dar es Salaam, chama kilichoanzishwa mwaka 1935, ambacho wapenzi wake wameenea nchi nzima mpaka vijiji vya Urambo, Sikonge na Kaliua. Katika mwaka 2025 Yanga ilimpata mwalimu mpya, Romain Folz, Mfaransa ambaye umri wake ulikuwa bado mdogo kwa kazi hiyo. Mwezi wa Septemba timu yake iliifunga Simba bao 1 kwa 0 katika mchezo wa Ngao ya Jamii, ikaitoa Wiliete ya Angola katika mashindano ya vilabu bingwa vya Afrika, kisha ikatoka sare na Mbeya City. Mtu asomaye matokeo hayo kwenye karatasi atasema kwamba mwalimu yule alikuwa akifanya kazi yake. Walakini washabiki wengi walikuwa wamekwisha kuchoka naye. Walisema ya kuwa timu inashinda bila kucheza vizuri, na ya kuwa wachezaji wale wale waliowafurahisha mwaka uliopita sasa wanaonekana kama watu wasiojuana. Wakadai aondoke. Viongozi wakamweka bado. Tarehe 18 Oktoba, huko Malawi, timu ilifungwa na Silver Strikers bao 1 kwa 0, na siku hiyo hiyo mwalimu akaachishwa kazi. Juma moja baadaye, chini ya msaidizi wake, Yanga ilishinda mchezo wa marudiano mabao 2 kwa 0, ikaendelea mbele.

Kijana wa kwanza huyataja mambo hayo na kusema: Mwaona? Tuliona mapema, tukapiga kelele, wakatudharau. Lakini alipoondoka tulishinda.

Lakini kijana wa pili naye ana habari yake, na habari hiyo imezaliwa kwetu, Tabora. Wasomaji wa mkoa huu waijua timu iliyoitwa Kitayosce, iliyotoka Kilimanjaro ikafanya kwake kuwa Tabora, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023, ikaitwa Tabora United, na katika mwaka 2025 ikapewa jina la TRA United. Mchezo wake wa kwanza katika Ligi Kuu, mwezi wa Agosti mwaka 2023, iliingia uwanjani kupambana na Azam ikiwa na wachezaji 8 tu, kwa kuwa wengine hawakuwa wameidhinishwa. Wawili walipoumia, mchezo ulivunjwa, na Azam walikuwa wamekwisha kufunga mabao 4. Watu walicheka nchi nzima. Hata hivyo timu ile ilisalia katika ligi. Tena tarehe 7 Novemba mwaka 2024, huko Dar es Salaam, iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Siku ile Tabora palikuwa na furaha ambayo wazee walisema hawakuiona siku nyingi.

Furaha yetu, hata hivyo, ilikuwa kilio cha mtu mwingine. Mwalimu wa Yanga wakati ule alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina. Alikuwa ameipatia timu yake ubingwa wa nchi katika msimu wa 2023/24, na kuifikisha katika robo fainali ya vilabu bingwa vya Afrika. Lakini alikuwa amefungwa na Azam tarehe 2 Novemba, kisha akafungwa na Tabora tarehe 7, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameachishwa kazi. Michezo miwili ilifuta kazi ya mwaka na zaidi. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Novemba 2025, mtu huyo huyo alikabidhiwa timu ya taifa letu; na katika mashindano ya mataifa ya Afrika yaliyochezwa huko Morocco, Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nchi yetu ianze kushiriki mwaka 1980. Tena ilivuka bila kushinda mchezo hata mmoja, kwa sare mbili tu. Basi kijana wa pili husema: Mwaona? Aliyekataliwa kwa kelele hakuwa mtu asiyefaa.

Hapa ndipo penye ugumu. Kila mmoja ana habari ya kweli mkononi, na habari moja haiifuti nyingine. Tena hata habari ya Gamondi ina upande wa pili: Yanga ilibadili walimu katika msimu ule wa 2024/25 mara moja na mara ya pili, na bado ikawa bingwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kumwondoa mwalimu huleta hasara daima, wala kwamba kumweka huleta faida daima. Mwenye kutafuta haki katika matokeo peke yake atazunguka kama ng'ombe wa kukamua mafuta ya alizeti, asifike popote.

Watu wapendao subira hupenda pia kututajia habari za Ulaya. Husema: Mtazameni Alex Ferguson wa Manchester United. Mwaka 1989, alipokuwa na miaka mitatu pale, mshabiki mmoja aliinua kitambaa uwanjani chenye maneno ya kumwambia kwaheri. Viongozi wakamweka. Mwaka 1990 akapata kombe lake la kwanza pale, na mpaka alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ametwaa ubingwa wa Uingereza mara 13. Habari hiyo ni ya kweli, nasi twaipenda. Lakini tuiangalie kwa akili. Ferguson mmoja akumbukwa kwa sababu subira ilimzalia matunda. Walimu wengi waliovumiliwa na timu zao zikashuka daraja hawakumbukwi na mtu, kwa maana hakuna atakaye kuisimulia hasara yake. Mtu akikuonyesha mnazi mmoja uliozaa baada ya miaka kumi, usisahau kuuliza ni mingapi iliyokauka.

Tena tuangalie habari ya Arsène Wenger wa Arsenal, timu ambayo hata hapa Tabora ina wapenzi wengi, wanaojazana katika vibanda umiza kila mwisho wa juma. Alifika mwaka 1996, akaipa timu yake heshima kubwa, na mwaka 2004 akatwaa ubingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima. Baada ya mwaka huo hakuupata ubingwa tena. Washabiki waliompenda kama baba walianza kuinua vitambaa vya kumtaka aondoke. Mwaka 2017, katikati ya manung'uniko hayo, alipewa mkataba wa miaka miwili mingine. Mwaka 2018 akaondoka kabla haujaisha. Je, kumweka kulikuwa ni heshima kwake? Wengi walioshangilia siku za ushindi wake walifika mahali pa kumdhihaki. Huenda aliyempa mkataba ule alidhani anamtendea wema, kumbe alimwacha juani.

Wazee wetu husema, subira yavuta heri. Lakini wazee wale wale husema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa watu wa kujipinga wenyewe. Walijua ya kwamba iko subira, na kiko kitu kingine kinachovaa nguo za subira. Kazi yetu ni kuvitofautisha viwili hivyo; na kwa kazi hiyo hatuna haja ya kwenda Ulaya, maana njia yenyewe imepita mbele ya milango yetu.

Sote twajua ya kwamba kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ilipita katika njia ya misafara: toka Bagamoyo mpaka Mpwapwa, ikapita Ugogo, ikaingia pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, kisha Unyanyembe, na toka hapa ikaendelea magharibi kuvuka mto Malagarasi mpaka Ujiji. Wazungu Burton na Speke walipofika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, walikuwa wamekaa njiani zaidi ya miezi minne. Waliobeba mizigo ya njia ile walikuwa wengi wao Wanyamwezi, babu zetu, nao walikuwa na desturi zao ambazo wageni waliziandika kwa mshangao.

Mbele ya msafara alikwenda mtu aliyeitwa kirangozi. Alivaa mavazi ya kutambulika, na nyuma yake ilifuata ngoma. Katika misafara ya Wanyamwezi wenyewe, wapagazi walimchagua kirangozi wao, mtu aijuaye njia, visima na vijiji. Na Burton aliandika habari za desturi moja inayotufaa sana leo. Mpagazi aliyekosa uvumilivu akampita kirangozi na kutangulia mbele yake, alinyang'anywa mshale mmoja katika podo lake, uwe ushahidi. Na walipofika kambini alitakiwa kulipa faini.

Wasomaji wapenzi, tuitafakari desturi hiyo. Wapagazi wale hawakuwa watu wa kuonewa kirahisi. Walijua kugoma, walijua kutua mizigo, na wengine walijua kutoroka usiku. Hata hivyo walikubali wenyewe kwamba njiani hakuna kumpita aliye mbele. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamemchagua mbele ya watu wote. Walijua kazi yake ni nini: kuwafikisha penye maji kabla jua halijawaua. Kila jioni walipiga kambi, wakakaa motoni, na habari za siku ile zikasemwa. Wapagazi hawakuhitaji kupiga kelele njiani, maana walijua ya kuwa jioni watakuwa na mahali pa kusema.

Tena tufikiri juu ya Mgunda Mkali. Pori lile lilikuwa la siku nyingi, na maji yalikuwa haba. Kirangozi akikosea kidogo katikati ya pori, je, ni busara kumbadili kila asubuhi? Hapana. Msafara wenye viongozi watano katika siku tano utakufa kwa kiu, na wazee wa pwani husema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini je, ni busara kumfuata siku zote mtu aliyepotea, kwa kuwa tu ndiye aliyevaa mavazi ya kirangozi? Hapana pia. Msafara huo nao utakufa, tena utakufa kwa heshima kubwa. Mahali pa kuliamua jambo hilo ni kambini, penye maji, watu wakiwa wametua mizigo na akili zao zimepoa. Mtu aliye na kiu na mzigo kichwani hahukumu vema. Wala hahukumu vema mtu aliyetoka uwanjani dakika ile ile timu yake imefungwa.

Wasomaji waujua pia mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe, mtunzaji akauombea. Watu wengi huukumbuka mfano ule kama mfano wa subira, na ndivyo ulivyo. Lakini mara nyingi tunasahau namna mtunzaji alivyoomba. Aliomba mwaka mmoja. Aliahidi kuupalilia pande zote na kuutilia samadi. Tena alikubali mwenyewe kwamba, usipozaa baada ya hayo, ukatwe. Basi subira yake ilikuwa na muda, na kazi, na mwisho. Hakusema, tuuache mti, labda siku moja utazaa wenyewe. Kusema hivyo si kuuhurumia mti. Ni kuona uvivu wa kushika jembe.

Sasa twaweza kusema neno letu. Makosa makubwa katika jambo hili mara nyingi si ya mwalimu aliyeshindwa, wala si ya washabiki wanaolia. Ni ya wale walio katikati, wanaomweka mtu kazini bila kumwambia kupungua kwake, na bila kuwaambia watu kwa nini wanamweka na mpaka lini. Ukimya wao huwadhulumu watu wa namna mbili kwa mara moja. Huwadhulumu wafuasi, kwa maana wanalipa kwa fedha yao na matumaini yao wasijue wanalipia nini. Na humdhulumu mwalimu mwenyewe, kwa maana anaachwa ahukumiwe na kelele, badala ya kuhukumiwa kwa kipimo alichoonyeshwa mapema.

Hatusemi haya kama watu wasio na lawama. Yatupasa kukiri jambo letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa katika baraza la wazee wa usharika mmoja, ambao hatutautaja. Usharika ule ulikuwa na mwalimu wa kwaya, mzee mpole aliyewafundisha watu wengi nota tangu utoto wao. Akaanza kuzeeka, na masikio yake yakapungua nguvu. Sauti ya tatu ilikuwa ikiimba kosa, naye hakusikia. Waimbaji walikuwa zaidi ya thelathini. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa udhuru wake, mpaka wakabaki tisa. Sisi wa baraza tulijua sababu. Tulizungumza habari hiyo njiani, tulizungumza sebuleni, lakini katika baraza hatukuitaja. Tulisema, mzee huyu ametutumikia sana, tusimvunje moyo. Tukauita ukimya huo subira, na tukajiona watu wema.

Hata siku moja, kwa kuchoka, tukamwita mwalimu mwingine kutoka mjini. Hatukumwambia mzee, kila mmoja alitumaini kwamba mwenzake atamwambia. Akasikia habari sokoni, kutoka kwa muuza dagaa. Alikuja kwetu jioni, hakugombana, hakulia. Alisema, “Ninyi ni wanangu. Mlijua miaka mitatu, nami miaka mitatu nilidhani nafanya vizuri. Mngeniambia mwaka wa kwanza, ningeomba kijana wa kukaa kando yangu anisikilizie. Au ningetua mzigo mwenyewe, mkanishukuru mbele ya watu. Sasa mmenitua kama gunia.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Mzee yule amekwisha kufariki, nasi mpaka leo tukimkumbuka twaona haya. Hatukumwonea kwa kumwondoa, maana kazi ilikuwa imemshinda kweli. Tulimwonea kwa miaka mitatu ya kumwogopa, ambayo tuliiita kumheshimu.

Kwa sababu hiyo, tumwambie nini kijana wa kwanza, yule aliyelalamika? Twamwambia kwamba ana haki ya kulalamika. Mtu auzaye asali yake, akatenga fedha ya kiingilio na nauli, akasimama juani saa mbili katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, si mpumbavu, wala manung'uniko yake si kelele tupu. Ametoa kitu, naye ana haki ya kuuliza kinakwenda wapi. Lakini na ajihadhari na mambo matatu. Kwanza, asihukumu kwa uchungu wa jioni moja; angoje mpaka atakapofika kambini, ndipo aseme. Pili, ahukumu kazi, asimhukumu mtu. Kusema kwamba timu haijui kujilinda ni hukumu juu ya kazi; kutukana nchi ya mwalimu, au rangi yake, au mama yake, ni dhambi tu, hata timu ingefungwa mabao kumi. Tatu, ajiulize kama kweli anaililia timu, au anaililia fedha yake aliyoweka katika kamari ya matokeo. Maana siku hizi vijana wengi huweka fedha juu ya mchezo, na anayekosa kwa njia hiyo humchukia mwalimu kama mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Huyo hana neno juu ya mwalimu. Ana neno juu ya nafsi yake.

Na kijana wa pili, yule aliyetetea subira? Twamwambia kwamba moyo wake ni mwema, lakini na auchunguze. Je, anamvumilia mwalimu kwa sababu ameona kazi inayotaka muda, au kwa sababu anaogopa kelele? Waswahili husema, akipenda, chongo huita kengeza. Mtu aweza kumpenda kiongozi hata akakataa kuona. Anayetaka mwenzake avumiliwe, na awe tayari kujibu maswali ya mtunza mtini: Muda wake ni mpaka lini? Utafanya nini katika muda huo ili kumsaidia? Na usipoona tunda, utakubali nini? Asiyeweza kuyajibu hayo, na aache kuwaambia wengine wawe na subira, maana anawaomba wabebe mzigo ambao hajaupima.

Kwa viongozi wa timu, na wa vyama vya ushirika, na wa shule, na wa sharika pia, twasema neno moja: Semeni. Mnapomweka mtu, mwambieni mbele ya watu kazi yake ni ipi na mtaipima lini. Mkiona amepungua, mwambieni yeye kwanza, uso kwa uso, kabla habari haijafika sokoni. Mkiamua kumweka bado, waambieni watu sababu, hata kama hawataipenda. Na mkiamua kumtua, mtueni kwa mikono miwili, mkimshukuru kwa hatua alizowafikisha. Mwalimu aliyewatoa Bagamoyo akawafikisha Tura, kisha nguvu zikamwisha, hakuwadanganya. Amewavusha Mgunda Mkali. Mwingine na aje achukue njia toka hapo.

Na kwa yeye aliyewekwa mbele, kama yumo miongoni mwa wasomaji wetu, twasema kwa upole: Usingoje kufukuzwa ndipo uamini kwamba hukufika. Wako wengi ambao hawawezi kukuambia kwa kuwa wanakupenda, na wengine kwa kuwa wanakuogopa. Waulize wewe mwenyewe, na ukiwauliza, usiwaadhibu kwa jibu lao. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na mpagazi atuaye mzigo mahali pafaapo hakuna amwitaye mtoro.

Twarudi kwa mwinjilisti wetu. Ndugu, wewe umetuuliza ni yupi aliyesema kweli. Twaona kwamba kila mmoja ameshika nusu, na nusu aliyokosa iko mkononi mwa mwenzake. Mmoja ajua ya kuwa subira isiyo na mwisho ni dhuluma; mwingine ajua ya kuwa hukumu isiyo na muda ni dhuluma. Usiwape haki mmoja mmoja kwa siri, kama walivyoomba, maana kwa kufanya hivyo utakuwa umefanya kama sisi tulivyofanya kwa mzee wa kwaya. Waite wote wawili pamoja, chini ya mwembe mmoja, kila mmoja amwambie mwenzake usoni yale aliyokuambia wewe nyuma yake. Kisha waulize ni nani kati yao aliyemkosea mwenzake zaidi: aliyesema kwa ukali, au aliyenyamaza majuma mawili.

Mwalimu yule waliyemgombania amekwisha kwenda zake, wala hatawajua kamwe. Lakini wao wangali wakiketi katika kanisa moja, na Jumapili ijayo watapita katika mlango ule ule.